Inatoa Ngapi?

"Inatoa ngapi, kaka?"

Aliyeuliza alikuwa Mwalimu Phadnis, mstaafu, amekalia pikipiki yake kwenye foleni ya kituo cha mafuta, macho yakililamba lile gari jipya, Bulbuli nyeupe, toka taa hadi bampa. Mjini Wai gari jipya haliulizwi bei, wala haliulizwi kama ni la mkopo. Linaulizwa kitu kimoja tu: lita moja ya petroli inalifikisha kilomita ngapi. Wanauliza majirani, wanauliza makasisi, wanauliza hata watu waliosimama kando ya maiti inayochomwa wakisubiri moto ukolee.

"Ishirini na tano," alisema Bhaskar Nalawade, akatabasamu kama baba wa bwana harusi.

"Ishirini na tano! Hata kule mlimani?"

"Hata mlimani, mwalimu. Ukijua kuendesha."

Kwenye kiti cha nyuma, mkewe Sulbha aliinama akajifanya anatafuta kitu mkobani. Alikuwa mshona blauzi, kazi yake ni kupima, na gari hilo alishalipima mara tatu. Walijaza tangi hadi mdomoni, wakaandika namba ya kilomita, wakatembea juma zima, wakajaza tena hadi mdomoni. Shule aliishia darasa la saba lakini kugawanya alifundishwa na akafundishika. Mara ya kwanza ilitoka kumi na tatu. Mara ya pili kumi na tatu. Mara ya tatu ikatoka kumi na mbili na nusu, ila siku zile mvua ilinyesha sana.

"Kwa nini umemdanganya mzee wa watu?" alimuuliza walipotoka pale.

"Ningesemaje? Niseme nimenunua ng'ombe anayekula bila kukamuliwa? Mama Mukta, wenye Bulbuli wote wanasema ishirini na tano. Mimi peke yangu niseme kumi na tatu, mjinga ataonekana nani, gari au mimi?"

Sulbha aliona kwamba hilo ni kweli. Ndilo lililomkera.

Ishirini na tano haikuwa namba ya kujisifia tu. Mwezi wa sita, shule zilipofunguliwa, wazazi wa watoto wanne walikaa sebuleni kwa Bwana Kelkar, keshia wa benki, wakaitandaza mezani ile karatasi ya rangi iliyotoka kwa wauza gari, yenye ishirini na tano. Kelkar akachukua kikokotoo chake. Kilomita sitini kwa siku kupanda Panchgani na kushuka, mara mbili, gawanya kwa ishirini na tano, zidisha kwa bei ya petroli. Wakampangia Bhaskar rupia elfu tatu na mia tano kwa kila mtoto kwa mwezi, mwaka mzima, bila kupandisha. Mukta, mtoto wa Bhaskar mwenyewe, miaka tisa, alikuwa wa tano, kwa kuwa shule ya kule juu ilimpa nafasi bila ada. Kwa namba ya kwenye karatasi, petroli ingekula elfu sita, benki ingechukua elfu sita, na nyumbani kungebaki cha kununulia unga na dawa za bibi. Kwa namba ya Sulbha, petroli peke yake ilikula elfu kumi na moja na mia sita. Bhaskar alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kila siku ili apate hasara kwa uaminifu.

*

Walikwenda Satara, kwenye duka lililowauzia gari, siku ya Jumamosi. Mama yake Bhaskar, Gangabai, naye alipanda, amevaa sari yake ya kijani ya kutokea. Siku ya kukabidhiwa gari walimpa kiti cha mbele na kikombe cha chai. Kulikuwa na shada la maua juu ya boneti, nazi ikapasuliwa, ndimu nne zikawekwa chini ya matairi zikapondwa, na meneja mwenyewe akawapiga picha. Safari hii hakuna aliyeinuka kitini.

Kijana wa tai nyekundu, jina lake Tanmay, alichomeka waya kwenye gari akasoma kwenye skrini yake kwa dakika mbili.

"Gari ni zima, kaka. Halina hata kikohozi."

"Mbona linatoa kumi na tatu?"

"Unavaa viatu gani kuendeshea?"

Bhaskar akatazama miguu yake. Ilikuwa ndani ya kandambili, zilizoshonwa upande mmoja kwa uzi wa Sulbha.

"Si ubaya, kaka. Kuna watu Mungu amewapa mguu mzito. Gari linataka mguu wa kubembeleza. Na ndani mnapanda wangapi?"

"Mimi na watoto watano."

"Na bibi?"

"Jumapili tu, kwenda hekaluni."

Tanmay akamtazama Gangabai toka chini hadi juu, kama mtu anayekadiria gunia kabla ya kulinyanyua. "Kilo ngapi, bibi?"

Wenzake wawili nyuma ya meza walicheka. Gangabai alikuwa na miaka sabini na moja. Hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza swali hilo, wala marehemu mumewe. Lakini aliyeuliza alikuwa na tai, na yeye alizoea kuwajibu watu wenye tai.

"Themanini na mbili," alisema.

"Basi, mmeona wenyewe."

Jumapili iliyofuata Gangabai alitoka kwenda hekaluni kwa miguu, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Sulbha alipomfuata hadi mlangoni, alisema tu, "Miguu inataka kunyooshwa, mwanangu." Na Bhaskar, badala ya kumkimbilia mama yake, alikuwa nyuma ya nyumba anatoa vitu garini. Alitoa tairi la akiba, akatoa jeki na mikeka ya miguuni, hata mwavuli. Akabakiza sanamu ndogo ya mungu Ganesha pale mbele ya usukani, na hata hiyo aliishika kwanza mkononi akaipima.

Kiyoyozi kilishazimwa zamani. Watoto wakawa wanashuka na mashati yaliyolowa jasho, vioo vikiwa na ukungu, kimoja kimefunguliwa kidogo mvua inawanyeshea begani. Sulbha aliviona vyote hivyo akavimeza. Alijiambia kwamba ni jasho tu, na jasho halijaua mtoto.

*

Mwezi wa saba alimsukuma mumewe aende kwa Kelkar kuomba nyongeza. Akaenda naye, akasimama nyuma yake uani, kwa maana hawakuambiwa waingie.

"Mia tano tu kwa kila mtoto, bwana," Bhaskar alisema. "Mafuta hayatoshi."

"Hayatoshi vipi? Petroli haijapanda." Kelkar alikuwa anamenya ndizi. "Tulikuuliza inatoa ngapi, ukasema ishirini na tano. Karatasi ikasema ishirini na tano. Sasa unasema ngapi?"

Bhaskar akaitazama ile ndizi. "Kumi na... inapungua kidogo mlimani."

"Inapungua? Juzi tu umemwambia Mwalimu Phadnis ishirini na tano, hata mlimani. Mwalimu ni mjomba wa mke wangu. Ametoa kiinua mgongo chake benki kwangu, kwa mkono wangu huu, ameweka oda ya Bulbuli kwa neno lako. Sasa nieleze, Nalawade. Ulidanganya kule kituoni, au unadanganya hapa ili utukamue?"

Hapo ndipo mtu angeweza kusema kweli ikaisha. Sulbha alimgusa mgongoni kwa kidole. Sema, kidole kile kilikuwa kinamwambia. Sema tu.

"Hapana bwana," alisema Bhaskar. "Ishirini na tano ndiyo yenyewe. Nilikuwa nabahatisha tu."

"Nilijua." Kelkar akacheka, akamtupia ndizi moja. "Mpe mtoto."

Bhaskar aliidaka. Alikwenda nayo hadi nyumbani mkononi, haikuliwa, ikaozea juu ya kabati.

Baada ya siku hiyo kitu cha ajabu kikatokea: hesabu zikaanza kukaa sawa. Sulbha alijaza tangi akapata kumi na sita. Juma la pili, kumi na saba. Bhaskar akaanza kupiga mluzi akioga. "Si nilikwambia? Ni mguu. Nimeufundisha mguu." Sulbha akafurahi. Alifurahi kweli, akamnunulia Mukta utepe wa nywele, na furaha hiyo ndiyo iliyomuuma baadaye kuliko kitu chochote.

*

Mukta alikuwa sakafuni jikoni, anasukuma kifuniko cha sufuria kwenye vigae, taratibu, midomo imefungwa. Sulbha alikuwa anakanda unga wa mtama.

"Gari gani hilo halingurumi?"

"Si gari. Ni ndege."

"Ndege ndio hupiga kelele zaidi."

"Ndege ya Baba haipigi. Anaizima."

Mikono ya Sulbha ikasimama kwenye unga. "Anazima nini?"

Mukta akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Kisha akatoa viganja, kwa kuwa siri ilikuwa tamu mno. "Tukifika kona ya kihekalu, Baba anazungusha ufunguo, tssk, halafu kimyaaa, tunateremka wenyewe mpaka chini. Sote tunasema ndegeee! Ojas Kelkar ananyoosha mikono dirishani. Lakini usiseme, Mama. Baba amesema ni siri ya gari letu."

Barabara ya Pasarani inateremka kilomita kumi na mbili, ina kona kama utumbo, upande mmoja mwamba, upande mwingine unaona mapaa ya Wai madogo kama viberiti. Sulbha aliosha mikono, unga haukutoka vizuri, akatoka nao uani.

"Baba Mukta. Unazima gari mlimani?"

Bhaskar alikuwa anapangusa kioo cha nyuma, pale palipoandikwa kwa rangi nyekundu BARAKA ZA MAMA, kama ilivyoandikwa kwenye magari mengi ya mji. Hakugeuka.

"Kila dereva anazima. Malori yanazima. Kule chini gari linakwenda lenyewe, kwa nini nichome petroli?"

"Una watoto watano mle ndani!"

"Na nani anawalisha? Ishirini na tano nitaitoa wapi? Nionyeshe! Nimetoa tairi, nimetoa mikeka, nimemtoa mama yangu! Nimebakisha nini cha kutoa?" Sasa aligeuka. "Wale wa dukani walisema ni mguu wangu. Basi nimeuondoa mguu."

"Niapie hutafanya tena."

"Naapa."

"Kwa kichwa cha Mama."

Akaapa kwa kichwa cha mama yake. Sulbha akasema, "Na kesho mchana nakuja kuwachukua pamoja nawe. Na keshokutwa. Mpaka niamini."

"Utaongeza uzito," alisema Bhaskar, na hapohapo akatamani ardhi immeze.

"Nipime basi," alisema Sulbha.

*

Siku mbili za kwanza Bhaskar aliteremka na gari likinguruma kama kawaida, na watoto nyuma wamenuna kwa kunyimwa ndege yao. Siku ya tatu ilikuwa ya mvua. Sulbha alikaa mbele, amempakata Mukta. Bhaskar alikuwa anaeleza juu ya harusi moja ya Jumapili, wenyewe wanataka gari lipambwe, labda watalipa vizuri. Walipofika kona ya kihekalu aligusa kifua kwa mkono wa kulia kwa heshima, kama alivyofanya kila siku. Na mkono huo ulipotoka kifuani, ukiwa unajiendea wenyewe, ukateremka kwenye ufunguo ukauzungusha.

Sulbha hakuona. Alisikia mvua. Ghafla ilikuwa inalia juu ya bati kama mchele unaomwagwa kwenye sinia, na alijiuliza imezidi lini, kabla hajaelewa kwamba si mvua iliyozidi.

"Ndegeee!" walipiga kelele watoto.

"Baba Mukta!"

Bhaskar alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Akakanyaga breki, ikashika. Wakaingia kona inayofuata, na pale katikati ya barabara basi lilikuwa limesimama kupisha nyani. Akakanyaga tena, ikashika nusu. Akakanyaga mara ya tatu.

"Imekuwa jiwe," alisema, kwa sauti ndogo ya kushangaa. "Breki imekuwa jiwe."

Usukani nao ulikuwa mzito kama wa mkokoteni. Aliusukuma kwa mwili mzima kuelekea mwambani, mbali na basi, mbali na ule upande wa mapaa madogo. Gari likaingia mtaroni kwa ubavu, likakwaruza mwamba, likaruka, likatulia. Sulbha alikuwa amemzungushia Mukta mikono miwili lakini mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia mbele. Aliusikia ukivunjika. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya kijiti cha kuwashia moto.

Nyuma Ojas Kelkar alikuwa na damu mdomoni na jino mkononi, analitazama. Wengine walilia. Abiria wa basi walikuja wakikimbia, wakawatoa watoto mmoja mmoja kupitia mlango uliofunguka, na mwanamume mmoja, mvua ikimtiririka usoni, akaitazama Bulbuli pale mtaroni, akamtazama Bhaskar aliyekaa chini kwenye maji ameshika kichwa, akauliza. Hakika aliuliza. Watu wana vinywa.

"Mpya hii? Inatoa ngapi?"

*

Gari lilivutwa hadi gereji ya Fundi Shabbir, mzee mwenye ndevu za hina aliyeyajua magari ya Wai kama mkunga anavyowajua watoto. Sulbha alikwenda pamoja na Bhaskar. Mukta alikuwa nyumbani na plasta hadi kwenye kiwiko, bibi yake anamlisha.

Shabbir alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mikono kwa tambara, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Breki za gari hili zinasaidiwa na injini, Bhaskar. Ukiizima unabakiwa na kukanyaga mara mbili, ukibahatika tatu. Usukani vilevile. Hawakukwambia?"

"Hawakuniambia."

"Na hili walikwambia? Gari la siku hizi, ukiteremka liko ndani ya gia, umeinua mguu kwenye mafuta, injini inazungushwa na matairi. Petroli inajikata yenyewe. Hainywi hata tone."

"Hata tone?"

"Hata tone. Ungeliacha lingurume, ungepata kilekile ulichopata kwa kuzima; kilichoongezeka ni kile kiyoyozi ulichozima na mizigo uliyoshusha. Labda na zaidi."

Bhaskar alikaa juu ya rundo la matairi. Alikaa hivyo, midomo inasogea bila sauti, akizitafuta zile siku zote, zile kona zote, wale watoto watano na mikono yao dirishani. Yote kwa ajili ya kitu ambacho gari lingempa bure.

"Lakini wenzangu wanapataje ishirini na tano?" aliuliza hatimaye.

"Wenzako gani?"

"Wenye Bulbuli."

Shabbir akacheka bila furaha. "Zipo kumi na moja hapa mjini. Zote nazihudumia. Kumi na nne. Kumi na tatu. Moja ya daktari, anaiendesha kwenye lami tupu, peke yake, inatoa kumi na sita. Wanakuja hapa wananinong'oneza, mmoja mmoja, kama wanaume wenye ugonjwa wa aibu. 'Fundi, mguu wangu una nini?' Wakitoka hapo nje wanasema ishirini na tano. Mpaka leo nilidhani wewe ndiye mkweli wao."

*

Safari ya pili ya Satara Sulbha alikwenda kwa basi, na Mukta, na ile karatasi ya rangi imekunjwa kwenye sari. Alikataa kuzungumza na wa tai nyekundu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, plasta ya mtoto juu ya meza ya kioo, mpaka meneja akatoka.

"Dada, tumesikitika. Lakini kuzima gari likiwa kwenye mwendo ni kosa la dereva. Imeandikwa kwenye kitabu."

"Najua ni kosa la dereva. Nimelala naye jana, hapati usingizi. Mimi nimekuja kuuliza namba." Akaikunjua karatasi, akaweka kidole juu ya ile ishirini na tano kubwa kama kichwa cha mtoto. "Hii mliipata barabara ipi?"

"Si barabara, dada. Ni majaribio. Gari linawekwa juu ya magurudumu ya chuma, ndani ya chumba."

"Ndani ya chumba? Halitembei?"

"Matairi yanazunguka."

"Mlima upo chumbani?"

"Hapana."

"Mvua? Ng'ombe? Foleni ya soko?"

"Dada..."

"Kiyoyozi kinawashwa?"

"Kwa kawaida hapana."

"Ndani anakaa nani?"

"Dereva."

"Watoto hawapo."

"Hawapo."

"Mama mkwe yupo? Wa kilo themanini na mbili?"

Nyuma ya meza Tanmay alipata kazi ya ghafla kwenye kompyuta. Meneja akageuza karatasi, akaonyesha chini kabisa mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Tumeandika. 'Katika hali ya majaribio.' Hatukumficha mtu."

"Mimi nashona blauzi, bwana," alisema Sulbha. "Nikimwambia mtu inchi thelathini na sita, akienda nyumbani akakuta ishirini, ataninyang'anya cherehani. Siwezi kumwambia ilikuwa thelathini na sita ikiwa ndani ya chumba, wewe ukiwa hujaivaa. Na nikiona haimtoshi sitamcheka kifua chake. Nyinyi mmemcheka mama mzima. Mume wangu mkamwambia mguu wake. Yeye akaamini. Angejua ni namba yenu, angelala. Alidhani ni yeye, ndiyo maana akaanza kukata vitu, akakata mpaka akafika kwenye breki."

Wateja wawili, kijana na mkewe mjamzito, walikuwa wamesimama kando ya Bulbuli nyekundu, wanasikiliza. Meneja aliwaona. Akamwinamia Sulbha kwa upole.

"Dada, tufanye ubinadamu. Tutalitengeneza gari, bure. Na huduma mwaka mzima, bure. Mumeo aje atie sahihi tu kwamba hamna malalamiko, na kwamba hamtazungumza habari hii nje. Chukua fomu."

Sulbha aliichukua. Ubavu wa gari, alivyosema Shabbir, ulikuwa elfu thelathini na nane. Aliikunja ndani ya karatasi ya rangi akapanda basi, na njia nzima hakumtazama mtoto usoni.

*

Fomu ililala juu ya meza siku tatu. Wazazi wanne walishawatoa watoto wao, Kelkar kwa matusi ambayo Sulbha hakuweza kumlaumu, kwa kuwa jino la mtoto ni jino la mtoto. Kalamu ilikuwa kando ya fomu. Bhaskar aliishika mara nyingi.

"Nikitia sahihi gari linatengenezwa Jumatatu," alisema. "Nikinyamaza tu. Kunyamaza kuna ubaya gani? Nilishanyamaza miezi yote hii."

"Na yule mwenye mimba aliyekuwa anaiangalia ile nyekundu?" alisema Sulbha. "Naye mumewe atauambia mguu wake nini?"

"Nikisema, watu watanicheka, Mama Mukta."

Gangabai alikuwa mlangoni, anachagua mawe kwenye dengu. Hakuinua kichwa. "Mimi walinicheka," alisema. "Nipo."

Bhaskar aliitazama sinia ya dengu. Akainuka, akaichukua fomu, akaenda nayo kwa mchora mabango Vithoba, mwenye kibanda mkabala na dirisha la cherehani ya Sulbha. Ndiye aliyeandika zile baraka za kioo cha nyuma. Akamgeuzia fomu upande mweupe, akamwandikia humo maneno anayoyataka. Vithoba aliyasoma mara mbili.

"Nifute Baraka za Mama?"

"Usifute," Gangabai aliita toka ng'ambo ya njia. "Andika chini yangu. Mimi peke yangu sikutosha."

Kwa hiyo Bulbuli ilitoka kwa Fundi Shabbir ubavu ukiwa bado na makovu, Shabbir akikubali kulipwa kidogokidogo, na kioo cha nyuma kikisema: BARAKA ZA MAMA. INATOA KUMI NA TATU. MLIMANI, NA WATOTO. ZILIZOBAKI WAULIZENI WALIOANDIKA. Walicheka kweli. Wa pikipiki walimpigia honi, wavulana wa soko wakamwita Kumi na Tatu badala ya jina lake. Toka Satara walipiga simu mara mbili, kwanza kwa upole, kisha wakataja wakili. Bhaskar alijibu kwamba wakili aje na gari lake apande nalo Pasarani, kisha wahesabu pamoja. Akina mama wawili walirudisha watoto wao kwa nauli mpya, ya namba ya kweli, kwa sharti kwamba Sulbha ndiye atakayekaa mbele. Tairi la akiba lilirudi. Mikeka ilirudi. Jumapili Gangabai alipanda kwa heshima zake zote, na gari likalala upande wake kidogo, na hakuna aliyesema neno.

Mwalimu Phadnis alikuja siku ya Jumatano, asubuhi. Sulbha alimwona kupitia dirishani, akaondoa mguu kwenye cherehani. Ile Bulbuli yake ya kijivu ilikuwa bado na shada la maua lililokauka kwenye boneti. Aliteremka taratibu, akasimama mbele ya Bhaskar aliyekuwa anaosha gari njiani.

"Uliniambia ishirini na tano."

Bhaskar akaweka tambara chini. "Nilikudanganya, mwalimu."

"Hata mlimani, ulisema. Kiinua mgongo changu chote kimo mle. Miaka thelathini na minne ya chaki."

"Nilikudanganya," alirudia Bhaskar. Aliinama akashika miguu ya mzee, na mzee hakumwinua. Alimwacha pale chini muda mrefu, watu wa njiani wakipita. Hatimaye alisogea, akaenda kusimama nyuma ya gari la Bhaskar, akakisoma kile kioo neno kwa neno, miwani mkononi, kama anayesahihisha insha.

Kisha akavuka njia hadi kwa Vithoba.

"Unaweza kuandika kwenye kioo cha gari langu?"

"Naandika, mwalimu. Niandike ngapi?"

Phadnis akatazama kulia na kushoto. Akainama, akasema kitu sikioni.

"Sijasikia, mwalimu," alisema Vithoba, brashi tayari kwenye kopo. "Sema kwa nguvu. Barabara hii ina kelele."

Mzee akajinyoosha. Alikuwa na sauti iliyowahi kujaza madarasa.

"Kumi na nne!" alisema.